Someni Kibali Kabla ya Mshahara

Wanandoa vijana wanaokuja kunitaka ushauri kuhusu kuhamia majuu huwa wameshaamua kwenda. Wanachotafuta kwangu ni hesabu tu: tutapata ngapi, tutatumia ngapi, tuuze nini ili nauli ipatikane. Nami huwaambia wameanzia mkiani. Msimamo wangu ni kwamba ukubwa wa mshahara hauamui kama familia itanawiri ng'ambo au itasota. Yanayoamua ni masharti ya kibali cha kuishi huko: kina jina la nani, kimefungwa kwa mwajiri yupi, kinawaruhusu mwenzi na watoto kufanya nini, na kitageuka lini kuwa ukaazi wa kudumu. Mshahara unafuata nyuma yake. Jambo la tatu haliko majuu kabisa, nalo ni kile mlichokiacha nyumbani bila kukiuza.

Sina mahubiri ya uzalendo ya kumtolea mtu. Mwenye kuajiriwa hapa Kenya anajua karatasi yake ya mshahara ilivyokonda: asilimia 2.75 ya bima ya afya tangu Oktoba 2024, asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, juu ya kodi na NSSF. Madaktari walikaa nje ya hospitali siku 56 mwaka 2024, na mojawapo ya magomvi makubwa ilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi, ambao mkataba wa 2017 uliwapa zaidi ya shilingi 200,000 kwa mwezi na serikali ikataka kuwalipa 70,000. Mtu akiyatazama hayo huku ana mtoto wa kwenda shule na mwingine mgongoni, halafu akaanza kutafuta pasipoti, mimi simwiti mkimbizi wa majukumu. Ninachouliza ni anakwenda kwa karatasi gani.

Chukueni Uingereza, kwa kuwa ndiko wengi wa wanaoniuliza wanakoelekeza macho. Februari 2022 nchi hiyo ilifungua mlango kwa wahudumu wa kulea wazee na wagonjwa. Masharti yalikuwa ya ukarimu kwa familia: mume au mke na watoto waliruhusiwa kuandamana na mwenye viza, na mwenzi angeweza kufanya karibu kazi yoyote. Kufikia Septemba 2023, serikali ya huko ilikadiria kuwa katika miezi 12 waliingia wahudumu wapatao 100,000 pamoja na wategemezi wapatao 120,000. Idadi ile ya pili ndiyo iliyoamsha siasa. Kuanzia tarehe 11 Machi 2024 mhudumu mpya alikatazwa kuja na familia yake, na tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuwaajiri wahudumu kutoka nje ukafungwa kabisa. Mshahara haukushuka hata senti katika kipindi hicho. Ulipanda. Lakini familia mbili za Nakuru zilizopanga safari ileile, moja Februari 2024 na nyingine Aprili, ziliishia na maisha yasiyofanana hata kidogo: ya kwanza ikalala nyumba moja, ya pili ikabaki na mama Coventry na watoto kwa nyanya yao Subukia.

Kanuni hizo zinabadilikaje kwa kasi hivyo? Viza ya kazi ni kibali cha kisiasa, na mpiga kura anayehesabiwa ni wa kule, wala si wewe. Ndiyo maana mtu anayepanga mambo ya mwaka ujao kwa kumsikiliza binamu aliyeingia 2022 anapanga safari ya nchi ambayo haipo tena. Hata muda wa kupata ukaazi wa kudumu, ambao kwa viza nyingi za kazi umekuwa miaka 5, serikali ya Uingereza ilitangaza Mei 2025 kwamba inakusudia kuufanya 10. Kwa kijana asiye na mtoto, miaka 5 ya ziada ni kero. Kwa familia, ni utoto mzima wa mtu mmoja. Nitaeleza mbele kidogo.

Kuna uzi mwingine unaofunga viza hizi, na huo ndio unaonikosesha usingizi kwa niaba ya wateja wangu. Mwenye viza ya kudhaminiwa hana ruhusa ya kufanya kazi Uingereza kwa ujumla. Ana ruhusa ya kumfanyia kazi mwajiri aliyemdhamini. Akiachishwa, au mwajiri akinyang'anywa leseni ya kudhamini, kwa kawaida hupewa siku 60 za kupata mdhamini mwingine, kupata viza ya namna nyingine au kuondoka, na siku hizo ni za familia yote kwa sababu viza za mume na watoto zimening'inia kwenye ya mama. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 waajiri zaidi ya 470 wa sekta ya huduma walipoteza leseni, na wafanyakazi waliohusika nao walikuwa zaidi ya 39,000. Wengi wa wafanyakazi hao hawakuwa wamekosa lolote. Kampuni nyingine zilikuwa jina na sanduku la barua tu: ziliuza vyeti vya udhamini, zikawaleta watu, hazikuwa na kazi ya kuwapa. Cheti hicho, ambacho mwajiri alikilipia serikali pauni 199, baadaye 239, na kuanzia Aprili 2025 pauni 525, kiliuzwa mitaani kwa maelfu ya pauni, ingawa hakikuwa deni la mfanyakazi.

Hapo ndipo shamba linapoingia katika hesabu, na hapo ndipo ninapotofautiana na washauri wengi wa fedha. Wao hutazama ploti ya robo eka kule Njoro kama mtaji uliolala: iuzwe, iwe nauli, faida ya majuu italipa. Mimi naitazama kama sauti yenu mbele ya mwajiri. Mfanyakazi mwenye pa kurudi akiongezewa saa zisizolipwa, akipangiwa zamu za usiku wiki tatu mfululizo, akiambiwa atoe pesa ili cheti chake kihuishwe, anaweza kusema hapana, kwa sababu tokeo baya kabisa ni tiketi ya ndege na aibu ya miezi michache. Aliyeuza kila kitu na kubaki na deni la SACCO lililodhaminiwa na walimu wenzake wanne hawezi kusema hapana. Mwajiri mwovu analijua hilo kabla hata hajaonana naye, na mara nyingi ameshapiga bei kwa kulitegemea. Kwa hiyo mali mliyoibakiza nyumbani inafanya kazi mkiwa huko, hata kama haioteshi mahindi.

Wiki chache zilizopita nilikuwa na mume na mke ambao mambo yao yanafaa kuelezwa bila majina. Mke ni muuguzi wa hospitali ya kaunti. Mume ni mwalimu wa fizikia na hesabu, ameajiriwa na tume ya walimu, TSC. Watoto wawili: wa darasa la kwanza, na mwingine wa mwaka mmoja na nusu ambaye muda wote huo alikuwa chini ya meza yangu akifungua na kufunga mkoba wa mama yake. Walikuja na daftari la kurasa 96 lenye mstari wa kalamu nyekundu katikati. Kushoto waliandika "Nakuru", kulia "Leicester". Walikuwa wamefanya kazi safi. Muuguzi anayeanza katika hospitali za umma Uingereza mwaka 2025/26 alilipwa pauni 31,049 kwa mwaka. Baada ya kodi, bima ya taifa na mchango wa pensheni hubaki pauni 2,000 hivi kwa mwezi. Kwa pauni moja kuwa shilingi 170, hiyo ni laki tatu na arobaini. Walikuwa wameizungushia duara.

Upande wa kulia ukaendelea: nyumba ya vyumba viwili 950, kodi ya halmashauri 150, umeme, gesi, maji na intaneti 220, chakula 400, nauli 150. Jumla 1,870. Zinabaki 130, yaani kama shilingi elfu ishirini na mbili, na mume alikuwa tayari kuzigawa: kumi na tano kwa mamake, zilizobaki akiba. Nikawauliza ni nani atakuwa na huyu aliye chini ya meza wakati mama yuko zamu. Mke alishika kalamu, akatazama upande wa kushoto ambako alikuwa ameandika "dada wa kazi 12,000", kisha upande wa kulia ambako mstari huo haukuwapo. "Baba watoto," akasema, "mtoto hatujamwandika."

Kituo cha kulea mtoto wa umri huo kutwa nzima England hugharimu zaidi ya pauni 200 kwa wiki. Wazazi wa kule wanaofanya kazi hupewa na serikali saa 30 kwa wiki za malezi ya mtoto, lakini msaada huo hutaka angalau mzazi mmoja awe na haki ya kupata fedha za umma, na viza za kazi kwa kawaida huandikwa kinyume chake. Mtoto wa mhamiaji kwa kawaida hutegemea zile saa 15 ambazo kila mtoto hupewa akifika miaka mitatu. Kwa hiyo mwalimu wa fizikia, ambaye kwa viza ya mtegemezi anaruhusiwa kufanya kazi, atachagua kati ya kukaa na mtoto au kufanya kazi ya usiku katika ghala ili mke afanye ya mchana. Wengi huchagua la pili. Huonana mlangoni, mmoja akivua viatu na mwingine akivaa, wakiambiana mtoto amekula nini. Si maisha ya kudumu miaka mitano, na nimeona ndoa zilizokuwa imara Nakuru zikitetereka kwa uchovu mtupu.

Sikuwaambia wasiende. Niliwaambia, kwanza, kwamba wao ni wenye bahati katika foleni hii, kwa kuwa muuguzi bado anaruhusiwa kwenda na familia na viza yake ya afya inawaondolea wote ada ya huduma ya matibabu. Mhandisi au mtaalamu wa kompyuta aliye na familia ya ukubwa huohuo, akiomba viza ya kazi ya miaka 5, hulipa ada hiyo kwa mkupuo: pauni 1,035 kwa mwaka kwa kila mtu mzima, 776 kwa kila mtoto. Wazazi wawili na watoto wawili, pauni 18,110, zaidi ya shilingi milioni tatu kabla ya kununua tiketi moja. Na pili niliwaambia kwamba mtoto wa chini ya meza atatimiza miaka mitatu baada ya mwaka na nusu, na ataanza shule ya umma ya bure baada ya kutimiza minne. Kuchelewa kidogo kungebadilisha ukurasa wao wote wa kulia.

Kuhusu ile laki tatu na arobaini: kuugeuza mshahara kuwa shilingi ndilo kosa la kwanza la karibu kila mtu, na halitibiki kwa kuambiwa "maisha kule ni ghali". Hilo kila mtu analijua na hakuna anayelisikia. Dawa ni kuandika matumizi kwa pauni, mstari kwa mstari, na kuyakagua yale ambayo hapa hulipiwa na undugu: kulea mtoto, kumtazama mgonjwa, kukopeshana katikati ya mwezi. Majuu yote hayo yana bei. Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.95 mwaka 2024, na watu huzitaja fedha hizo kama ushahidi kwamba walioko huko wana nazo. Takwimu hiyo inawahesabu waliotuma. Aliyelala bila kutuma hayumo, na aliyetuma kwa kukopa kadi ya benki ya kule amehesabiwa sawa na aliyetuma akiba.

Hoja ya elimu ya watoto ndiyo ninayoiheshimu zaidi, na ndiyo yenye mtego uliofichika zaidi. Ni kweli kwamba shule za umma Uingereza ni bure kwa mtoto wa mhamiaji, msingi hadi sekondari. Mzazi anayelipa karo ya shule binafsi hapa anaokoa fedha nyingi. Lakini mtoto huyo atafika miaka 18. Ili alipe karo ya chuo kikuu kama mwenyeji, kwa kawaida lazima awe na ukaazi wa kudumu au awe ameishi kule muda mrefu sana. Mtoto aliyeingia akiwa na miaka 12, familia ikapata ukaazi baada ya miaka 5, anaingia chuo kama wenzake na kupata mkopo wa serikali. Muda ukiwa miaka 10, mtoto yuleyule ana hatari ya kumaliza sekondari akiwa mgeni machoni pa chuo, kwa karo ambayo mshahara wa muuguzi hauwezi kuigusa. Ndiyo maana huwauliza wazazi umri wa mtoto wa kwanza kabla ya kuuliza kipato. Mwenye mtoto wa miaka 4 ana nafasi ya kusubiri sheria zitulie. Mwenye mtoto wa 13 anacheza na saa.

"Mmoja atangulie, wengine watafuata." Hii nayo ilikuwa hekima zamani. Leo, katika njia nyingi, kufuata ni haki inayoweza kufutwa mmoja akiwa tayari huko. Wanafunzi wengi wanaokwenda Uingereza kwa shahada za uzamili za kufundishwa hawaruhusiwi kuleta familia tangu Januari 2024. Kanada nayo tangu Januari 2025 imebana vibali vya kazi kwa wenzi wa wanafunzi. Nikiona tangazo la ajenti linalosema "soma, familia ije baadaye", ninalichukulia kama tangazo la kutenganisha familia mpaka lithibitishwe kinyume. Kazi za nyumbani za Ghuba sizizungumzii hapa, kwa sababu kule hakuna hata anayejifanya kuwa familia itafuata.

Mihuri ya serikali isiwalaze pia. Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa uhamiaji mjini Berlin, ilienea habari kwamba Ujerumani ingechukua wafanyakazi 250,000 kutoka hapa. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha: mkataba hauna idadi wala mgao. Ulichobakiza ni sharti lilelile la vyeti kutambuliwa na Kijerumani kujulikana, na kwa muuguzi kwa kawaida ni kiwango cha B2, kazi ya mwaka au zaidi darasani. Na wazazi wa Uasin Gishu walioandamana Eldoret mwaka 2023 hawakuwa wametapeliwa na ajenti wa uchochoroni. Walikuwa wamelipa kupitia mpango wa kaunti yao wenyewe wa kupeleka vijana kusoma Finland na Kanada, baadhi yao kwa kuuza ng'ombe na ardhi.

Basi nini kifanyike? Kwa familia, ningeanza na nchi zinazotoa ukaazi wa kudumu kabla ya safari, hata kama mshahara wa kwanza ni mdogo na foleni ni ndefu. Kanada, kwa mfumo wake wa alama, humpa mwombaji, mwenzi na watoto ukaazi wa kudumu siku ya kufika; hakuna mwajiri aliyeshika kamba. Muuguzi anayeingia Marekani kwa viza ya uhamiaji naye huingia na mwenzi na watoto wakiwa wakaazi, ingawa husubiri miaka. Gharama ya Kanada ni kuthibitisha akiba, zaidi ya dola 28,000 za Kanada kwa familia ya watu wanne kwa asiye na ofa ya kazi huko, lakini fedha hizo ni zenu: mnaonyesha kuwa mnazo, halafu mnaanzia nazo maisha. Linganisheni na milioni zinazomezwa na ajenti. Tena mume na mke wanaweza kila mmoja kujipima alama zake kama mwombaji mkuu. Kwa mazoea yetu fomu hujazwa jina la mume, na mara nyingi ni mke, kwa Kiingereza chake au taaluma yake, mwenye alama nyingi.

Mkichagua njia ya kudhaminiwa, mwajiri awe hospitali au taasisi ambayo ingekuwapo hata kama viza zisingekuwapo. Orodha ya waajiri wenye leseni Uingereza iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao, na wakala wa hapa aonekane katika sajili ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Ila kuwa kwenye orodha si dhamana. Wale 470 walikuwa kwenye orodha pia. Mtu akikuuzia cheti cha udhamini, ondoka, hata kama ni shemeji yako.

Kuhusu mali, sheria yangu ni ngumu na wateja wengi huichukia: gharama yote ya safari isizidi akiba pamoja na mkopo mnaoweza kuulipa kwa mshahara wa hapa, kana kwamba majuu yamefeli. Shamba likodishwe, lisiuzwe. Mwalimu aombe likizo bila malipo kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu. Akinyimwa, angalau alijaribu. Muuguzi aendelee kulipia leseni yake ya Kenya. Na kama lazima ardhi iuzwe, mke asikubali kupelekwa mbele ya bodi ya ardhi kutoa ridhaa kabla viza ya kila mwanafamilia haijatoka. Nimeona ridhaa ikitolewa Machi na viza ya watoto ikikataliwa Juni. Kwa Watanzania wanaonisoma nina neno la ziada: Mkenya akichukua uraia wa Kanada hubaki Mkenya, tangu Katiba ya 2010. Kwenu sheria hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo suala la ardhi na urithi limalizwe kwa wakili kabla ya kiapo cha huko.

Wanandoa wangu wa Nakuru hawajaamua. Niliwaacha na kazi moja ambayo haisubiri uamuzi: wote wawili wafanye mtihani wa Kiingereza mwaka huu. Mke ana miaka 29, mume 31. Katika alama za Kanada mwombaji mwenye mwenzi hupata alama 100 za umri mpaka atimize 30. Akifika 35 ni 70, akifika 40 ni 45, na 45 ni sifuri. Matokeo ya IELTS hudumu miaka miwili, muda wa kutosha kwa aliye chini ya meza kuacha nepi.